Kondoo Namba Kumi na Moja

Makambako,
9 Agosti

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kamwene, Baba. Shikamoo. Pokea salamu zangu wewe pamoja na Mama. Ninaomba baridi ya mwaka huu iwe imewapitia pembeni, na lile goti lako liwe linakuruhusu walau kufika kwenye miti na kurudi. Mimi mwili ni mzima. Huku upepo unavuma tangu asubuhi hadi jioni na vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, lakini tunaishi. Jasmine, mtoto wa kaka, hajambo? Naomba unijibu hilo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote lililomo humu.

Najua utashangaa kuona barua. Tangu upate simu hujapokea karatasi kutoka kwangu isipokuwa fomu za bima. Simu nimepiga, Baba. Mwezi uliopita nilikupigia mara nne nikiwa nimejiandaa kusema, na kila mara niliishia kuuliza bei ya viazi na kama parachichi zimechumwa. Wewe huiweka simu kwenye spika ili Mama naye asikie, na kaka Yoeli akiwapo husogea. Siwezi kusema mbele ya masikio yote hayo. Barua utaisoma mwenyewe, kwa mwendo wako. Nimempa Mwinjilisti Obed, anayekuja huko nyumbani Matembwe kwenye semina, na nimemwomba aiweke mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Ukishaisoma, tafadhali uwasomee wote.

Nianze na habari ambayo nadhani umeingoja bila kumwuliza mtu. Mdogo wako, Shangazi Paskalina, yuko kwangu.

Nilimkuta mwezi wa sita, kwenye ghala moja la nafaka hapa mjini, nilipokwenda kununua pumba za wanyama wa kituo. Kulikuwa na kinamama kama kumi wameketi juu ya magunia wanachambua maharage, na mmoja alikuwa amejitenga, amegeukia ukuta. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amevaa lile koti la kahawia la marehemu mume wake. Nilipomwita hakugeuka, alisimamisha mikono tu. Baadaye aliniambia alidhani ni mtu wa nyumbani amekuja kuwaeleza wenzake pale ghalani yeye ni nani, ili hapo pia afukuzwe.

Nilimchukua siku ile ile. Sina nafasi kubwa, unakijua chumba changu, lakini tunatosha. Anakula kidogo. Chakula chake hukitenga kwenye sahani yake, hata ninapomwomba tule pamoja. Kikombe chake hukiosha peke yake na kukifunika mbali na vingine. Mama mwenye nyumba alipotaka kumpa mtoto amshikie kidogo, Shangazi aliificha mikono nyuma na kusema ana mafua. Hakuwa na mafua, Baba. Jumapili yeye huenda kanisani kwake na mimi kwangu, tunaachana njia panda, na akirudi huketi na rozari yake mkononi bila kuisali.

Jumapili moja tulikuwa tunakunywa chai. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia: “Tabea, wewe umesoma. Hivi mtu anaweza kumdhuru mtoto bila mwenyewe kujua? Labda usingizini. Labda kwa kushika tu.” Akasema amejichunguza miezi yote hii. Amekumbuka kila alichokishika pale nyumbani, nguo za Jasmine, uji wa Jasmine, nywele za Jasmine alipokuwa akimsuka. Akasema huenda Yoeli hakumwonea. Huenda kitu kimo ndani yake na yeye hana habari nacho.

Nilimwambia hakuna kitu kama hicho. Akaniuliza ninajuaje. Niliinuka nikaongeza maji kwenye birika, na hapo ndipo nilipojiona nilivyo, kwa sababu nilikuwa najua vizuri sana ninajuaje.

Ili nawe ujue, lazima nikueleze kazi yangu, ambayo kwa miaka minne nimekuwa nikikueleza nusu. Wewe huwaambia watu kwamba binti yako anatibu mifugo. Kituoni kwetu hatutibu sana, Baba. Tunajaribu. Dawa ya ng'ombe au kondoo kabla haijauzwa, lazima ijulikane inafika wapi mwilini na inakaa muda gani. Mkuu wangu, Daktari Laurenti, alinieleza siku ya kwanza kwamba ukipima damu utajua dawa imeingia mwilini, lakini hutajua kama imefika kwenye nyama, pale ugonjwa ulipo. Kwenye nyama, katikati ya nyuzi zake, kuna maji kidogo. Hayo ndiyo tunayoyataka, na si rahisi kuyapata.

Kwa hiyo kuna kifaa. Ni kitu cha mpira mgumu mweupe, cha mviringo, ukubwa wa gololi, chenye matundu madogo pande zote na uwazi ndani. Daktari anakiita kizimba. Mnyama hupigwa ganzi, ngozi ya shingo hupasuliwa, kizimba huwekwa chini yake na kushonwa. Baada ya wiki kadhaa kidonda kimepona, nyama imeota mpaka ndani ya matundu, na kizimba kimejaa yale maji. Hapo mnyama anapewa dawa, halafu kila baada ya saa kadhaa unaingia na sindano, unatoboa ngozi, unanyonya matone machache kutoka kwenye kizimba na kuyapeleka kupimwa. Kiwanda kilituletea vizimba vya aina mbili ili tuone kipi mwili unakipokea vizuri. Tulikuwa na kondoo kumi na wawili, na mwenye sindano nilikuwa mimi.

Sikuelezi haya ili useme tunafanya ukatili. Kazi ina kibali na ina kanuni, na Daktari Laurenti ni mtu anayezifuata. Dawa inayopimwa vizuri ndiyo itakayomponya ng'ombe wako kesho. Niliamini hivyo, na bado naamini.

Kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na jike mweupe mwenye baka jeusi chini ya jicho. Alikuwa na hereni ya namba kumi na moja. Siku za mwanzo alirusha miguu kama wenzake. Ulipofika mwezi wa pili wa jaribio, aliposikia tu trei yangu ikigonga mlango, wenzake walikimbilia pembeni na yeye alikuja mwenyewe kwenye nguzo, akaweka kidevu juu ya ubao, akageuza shingo upande wa kushoto, upande wenye kizimba. Akatulia hivyo mpaka nimalize. Daktari alifurahi, akaandika kwamba wanyama wanakivumilia kifaa vizuri. Lakini mimi nilikuwa karibu naye kuliko Daktari. Niliyaona macho yake. Alikuwa amejifunza kwamba hakuna pa kwenda, na kwamba akiileta shingo mwenyewe, jambo linakwisha haraka. Nilimtoboa mara sitini na tatu, Baba, na mara hamsini kati ya hizo aliileta shingo mwenyewe.

Jaribio linapofika mwisho wanyama huuawa kwa sindano ya usingizi. Nyama inayozunguka kizimba hukatwa ili ionekane jinsi mwili ulivyokipokea, na mzoga huchomwa. Hiyo ndiyo kanuni, na niliijua tangu mwanzo. Ilipangwa iwe wiki ya pili ya mwezi wa tisa mwaka jana. Jumapili iliyotangulia Daktari alikwenda Iringa kwenye msiba, nikabaki mimi na mlinzi. Niliingia na maji ya kunywa tu, bila trei. Kumi na moja akaja, akaweka kidevu kwenye ubao, akageuza shingo.

Sikuweza, Baba. Nilimkata hereni. Nilimtuma mlinzi dukani, nikasimamisha lori la Kenta lililokuwa linakwenda Lupembe kuchukua mbao, nikampakia. Nyuma yetu kwenye shimo la kuchomea niliacha ngozi kuukuu na magunia yanaungua, ili moshi uonekane. Na kwenye rejesta niliandika kwa mwandiko wangu: Namba 11 amekutwa amekufa, tumbo limejaa gesi, mzoga umechomwa.

Sasa umeshajua. Yule kondoo niliyewaletea, nikasema nimemnunua mnadani, ndiye huyo. Uliniuliza tundu la sikioni ni la nini, nikakwambia ni alama ya mwenyewe wa kwanza. Siku za dawa nilikuwa nimezihesabu, ilikuwa imeshatoka mwilini mwake, na nyama yake isingemdhuru mtu. Hilo nililiangalia. Kizimba ndicho nilichokiacha shingoni, kwa kuwa siku ile sikuwa na ganzi wala muda, na sikutaka kumkata bila ganzi. Nikajiambia nitakitoa Krismasi.

Krismasi nilikuja na kisu na ganzi ndani ya mkoba. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, na kila nilipomtafuta kondoo nilimkuta yuko na Shangazi. Alikuwa amemzoea, anamfuata mpaka mtoni. Shangazi akanivuta kando, akanionyesha shingo. Akasema, “Huyu ana jipu hapa, haliivi wala halipoi. Naliona linamsumbua.” Ilikuwa nafasi yangu. Ningemwambia, angenishikia miguu, tungekitoa kwa nusu saa nyuma ya zizi na mambo yangekwisha. Nikaona aibu. Nikamwambia ni uvimbe wa mafuta tu, asiubinye, ampake mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni ili ngozi isikauke. Kisha nikarudi ndani kula pilau.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa wewe ulikuwapo. Nayaandika ili uone mimi nilikuwa wapi wakati yanatokea.

Kondoo hakushika mimba, na Pasaka ikaleta wageni, Yoeli akaamua achinjwe. Alipofika shingoni kisu kikagonga. Mama alinisimulia jinsi kilivyotoka: cheupe, kina matundu, nyama imeota ndani yake kama mizizi, kinadondosha maji ya njano. Mlikiweka juu ya gunia na hakuna aliyetaka kukisogelea. Ndipo mtu mmoja akasema kinafanana na punje kubwa ya rozari. Na mwingine akakumbuka kwamba amemwona Paskalina alfajiri nyingi zizini, ameshika shingo ya kondoo yule pale pale, anasugua, na midomo yake inacheza. Bila shaka ilikuwa inacheza. Shangazi husali akifanya kazi. Alianza hivyo tangu aolewe kwa Wakatoliki na kubatizwa jina lile, na nyinyi wenyewe mlikuwa mkimtania.

Yoeli aliichukua rozari yake akaihesabu punje mbele ya watu. Hakuna iliyopungua. Hilo halikumsaidia kitu, neno uchawi lilikuwa limeshasemwa.

Simlaumu kaka peke yake. Alikuwa baba mwenye mtoto anayeanguka. Amemwona Jasmine akikakamaa na kutoa povu na asiweze kumfanya chochote, na mtu wa namna hiyo akionyeshwa mkosaji, humshika kwa mikono miwili. Aliniambia baadaye, kama mtu anayenisifu, kwamba hawakunishuku hata kidogo, kwa sababu kondoo alitoka kwangu, na mimi ni mtu wa maabara, kitu kichafu hakiwezi kutoka kwangu.

Baba, nimefika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito tangu juzi.

Siku ile mlinipigia. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, saa nane mchana, nilikuwa zamu, nawalisha wanyama. Ulizungumza wewe. Ulieleza kilivyo, kwa utaratibu, hata idadi ya matundu ulinitajia. Kisha ukaniuliza, “Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Kuna kitu kama hiki huota ndani ya kondoo?” Nikakujibu: Hapana Baba, hakuna kitu kama hicho kinachoota ndani ya kondoo. Lilikuwa jibu la kweli kila neno. Nililichagua kwa sababu lilikuwa la kweli.

Halafu ukaniuliza la pili. Ukasema, “Shangazi yako anasema wewe ndiye uliyemwambia ampake mafuta hapo shingoni, Krismasi. Ni kweli?” Nilimsikia nyuma yako. Hakuwa analia. Alikuwa anasema, mwulizeni Tabea, Tabea atakumbuka.

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi sana. Nilifikiri rejesta, na mwandiko wangu. Nilifikiri ripoti ambayo Daktari alikuwa ameshaituma, na kwamba kazi yangu ingeisha, na labda polisi wangehusika. Nilifikiri kwamba wewe ni mtu wa busara na dada yako ni wako, usingemwacha aonewe, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mimi kujiangamiza. Nikasema: Sikumbuki, Baba.

Mwezi wa tano Mama aliniambia jambo ambalo nadhani hajui amelisema. Alisema siku ile ulikuwa umemshika Yoeli mkono tangu asubuhi, hukutaka aingie kwa Shangazi. Ulipokata simu, ukauachia.

Basi ni mimi, Baba, ingawa mikono ilikuwa ya Yoeli. Mabati ya kijumba chake niliyaezua mimi. Mimi ndiye niliyempandisha kwenye gari na furushi moja, na watoto wa jirani wamesimama wanamtazama. Na yule kondoo niliyemwokoa asichomwe, mlimwombea mkamla, na Shangazi alikuwa njiani.

Tangu hapo vidole vyangu vimekuwa na tabia ambayo siwezi kuiacha. Vinatafuta. Nikisalimiana na mtoto, mkono unateleza mpaka shingoni kwake kuangalia kama kuna kitu. Nikifua nguo, nikichambua mchele, nikipapasa mto wa kulalia, navikuta vinabonyeza. Kanisani nakaa nyuma ya watu na natazama shingo zao. Mwaka huu tumeletewa kondoo wengine, na kila nilipoingia na trei nilisimama mlangoni kwanza, nikiomba asiwepo hata mmoja atakayekuja mwenyewe. Mmoja alikuwa ameanza kuja.

Shangazi nilimwambia wiki mbili zilizopita, baada ya lile swali lake. Nilimwekea mezani kizimba kipya ambacho hakijatumika, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alikigeuza kwa ncha ya kijiko, hakukigusa kwa mkono. Akaniuliza kile cha shingoni nani alikiweka. Nikasema Daktari alipasua, mimi nilimshika kondoo. Akaniuliza nilipomwambia apake mafuta kama nilikuwa najua. Nikasema nilijua. Akaniuliza na siku ile ya simu je. Nikasema nilijua, Shangazi, nilikumbuka kila kitu. Akasema, “Mimi nilikutetea. Niliwaambia mtu mwenye kazi nyingi husahau maneno ya Krismasi.”

Akatoka uani. Hakunisemesha Jumapili yote, wala Jumatatu. Jumanne nilipokuwa navaa viatu akaniambia nimwandikie kaka yake. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema hilo nisimwulize kwa sasa, kwa sababu akinisamehe leo nitalala usingizi mzuri na barua sitaiandika. Anaijua damu yetu.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Daktari Laurenti nikafunga mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyekula akaumwa, nikasema hakuna. La pili lilikuwa kizimba kiko wapi. Nikamwambia Yoeli alikimwagia mafuta ya taa akakichoma. Aliinamisha kichwa. Alisema kati ya vizimba vyote, kile kimoja ndicho kilichokaa mwilini muda mrefu, na ndicho kingetuambia tulichokuwa tunatafuta. Kisha akasema ripoti yake sasa ina uongo ndani yake wenye sahihi yake, na lazima aandike kuirekebisha. Nimeandika maelezo yangu kwa mkono. Nimesimamishwa kazi mpaka kamati ikae mwisho wa mwezi. Sitegemei kurudi, na usimtume mtu kuniombea.

Sasa nakuomba, Baba, na naomba kwa magoti. Jasmine alianza kuanguka mwezi wa nane mwaka jana. Kondoo alifika nyumbani mwezi wa tisa. Kadi ya hospitali ya Ikonda iko kwenye sanduku la Mama, tarehe imeandikwa, angalieni pamoja na Yoeli. Ni kifafa. Alikuwa anapata nafuu kwa vidonge, na Mama ameniambia kwamba tangu kitu kile kichomwe moto mliviacha, kwa kuamini chanzo kimeondoka. Chanzo hakikuwa pale. Msingoje mpaka mmalize kunikasirikia, mpelekeni wiki hii. Nimemtumia Mama nauli, na nitawasubiri Njombe stendi siku mtakayonitajia twende wote.

Kuhusu Shangazi, mimi nilitaka nimrudishe mwenyewe Jumamosi. Amekataa. Anasema aliyemtoa si mimi. Anataka uje wewe umchukue, pamoja na Yoeli, na mkirudi mshuke mchana, mpite kwa miguu penye mashine ya kusaga na penye kanisa, watu wawaone. Kwanza mabati yake yarudishwe juu na mlango wake ufungwe kitasa, kwa sababu hatalala kwenye nyumba ya mtu. Akasema pia kwamba usije kabla goti halijapoa, kisha akaniambia hilo nisiliandike. Nimeliandika.

Mimi nitakuja Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Nimezungumza na Mchungaji kwa simu, amenipa nafasi baada ya matangazo. Nitasimama mbele ya usharika niseme nilichofanya, na nitabeba kizimba kimoja, kipite mkono kwa mkono, kila mtu akishike mwenyewe. Kama hutapenda nilale nyumbani siku hiyo, nitaelewa, nitapata gari la jioni la kurudi Njombe.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nimekuomba niliyokuomba, yatosha.

Nisalimie Mama, mwambie shuka alizonipa zinanitosha. Nisalimie kaka Yoeli na mke wake, na Jasmine umshike mkono kwa niaba yangu. Majirani wote wa upande wa mtoni wasalimie pia, wale waliosimama siku ile na wale waliojifungia ndani.

Kabla sijafunga bahasha nilimwuliza Shangazi kama anakutumia salamu. Alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage magotini, akatoa jiwe moja akalitupa uani. Kisha akasema salamu hana. Niandike tu kwamba yuko hai.

Ni mimi binti yako,
Tabea